Kinga ya Windows, Antivirusi ya Kampuni Nyingine au Linux: Ulinganisho kwa Anayepakua Programu za Bure na Kupokea Barua Pepe Nyingi

"Fundi, niwekee antivirusi gani?" Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote katika duka langu la kutengeneza kompyuta hapa Morogoro, na mara nyingi anayeuliza huwa amekwisha kuumia: mafaili yake yamebadilika majina, kivinjari kinafungua kurasa za kamari chenyewe, au anwani yake ya barua pepe imeanza kuwatumia wateja wake ujumbe ambao hakuuandika. Jibu la neno moja lipo, na wauzaji wengi hulitoa kwa sababu kuna boksi la kuuza nyuma yake. Mimi naona ni haki zaidi kuziweka njia tatu mezani, kuzipima kwa vigezo vilevile, kisha kila mtu achague kulingana na kazi anayoifanya.

Njia ya kwanza ni kubaki na kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe, yaani Microsoft Defender, ambayo imekuwa ikija pamoja na mfumo huo tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na kuirekebisha vizuri. Ya pili ni kuweka antivirusi ya kampuni nyingine, iwe ya bure au ya kulipia kila mwaka. Ya tatu ni kuachana na Windows na kuhamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Nitatumia Linux Mint kama mfano, kwa kuwa ndiyo ninayowawekea watu wanaotoka Windows na sura yake haiwachanganyi sana. Simu nimeziacha kando, kwa sababu hatari zake na kinga zake zinahitaji ulinganisho wake wenyewe.

Vigezo nilivyotumia

Kigezo cha kwanza ni gharama halisi, ambayo si bei ya leseni tu bali pia bando la masasisho na uzito ambao kompyuta ya zamani itabebeshwa. Cha pili ni uwezo wa kuzuia programu hasidi iliyofichwa ndani ya faili la kupakua bure. Cha tatu ni uwezo wa kumlinda mtu dhidi ya viungo na viambatisho vya barua pepe. Cha nne ni hiki: je, kazi yako itakufikisha mahali pa kuambiwa uizime kinga hiyo? Cha tano ni nani atakayekusaidia siku mambo yatakapoharibika.

Kigezo cha nne nakipa uzito kuliko vingine. Katika kompyuta zilizoambukizwa ambazo nimezifungua, chache sana zilikuwa hazina kinga kabisa. Nyingi zilikuwa na kinga ambayo mwenyewe aliizima kwa mkono wake, dakika chache kabla ya maambukizi, kwa sababu maelekezo ya kusakinisha programu fulani yalimtaka afanye hivyo.

Gharama halisi

Kinga ya Windows hailipiwi na haihitaji kusakinishwa. Gharama yake imejificha ndani ya Windows yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya Windows 10, na ingawa Defender inaendelea kupokea orodha za virusi vipya kwenye mfumo huo, matundu yanayogunduliwa katika mfumo wenyewe hayazibwi tena kwa mtu asiyejiandikisha kupata masasisho ya nyongeza. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, ilhali laptopu nyingi zilizotumika ambazo watu huniletea ni za vizazi vya chini ya hapo. Kwa mwenye mashine ya namna hiyo, kinga ya bure inaweza kuishia kumaanisha kununua kompyuta nyingine.

Antivirusi ya kulipia ina gharama inayoonekana wazi, yaani leseni ya mwaka inayohesabiwa kwa idadi ya kompyuta. Ile ya bure hulipiwa kwa njia nyingine: kwa matangazo ya mara kwa mara yanayokusihi ununue toleo kubwa, na wakati mwingine kwa taarifa zako. Kampuni ya Avast, ambayo antivirusi yake ya bure imeenea sana, ililazimika Januari 2020 kuifunga kampuni yake tanzu ya Jumpshot baada ya kubainika kuwa ilikuwa ikiuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea, na mwaka 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliitoza dola milioni 16.5 kwa jambo hilo. Simaanishi kwamba kila antivirusi ya bure inafanya hivyo. Namaanisha kwamba anayeichagua afungue sehemu ya faragha siku ileile anapoiweka na kuzima ruhusa zote za kushiriki taarifa. Kuna pia uzito: kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 na diski ya kuzunguka, antivirusi yenye vipengele vingi huifanya mashine itambae, na mwenye mashine inayotambaa hatimaye huiondoa.

Linux Mint ni bure kwa maana zote mbili, haina leseni ya kulipia wala matangazo. Utapakua faili moja la takriban GB 3, na faili hilo unaweza kuwawekea majirani kumi kwa flashi moja bila kuvunja sheria yoyote. Inafanya kazi vizuri kwenye laptopu ya GB 4 ambayo Windows 11 imeikataa. Gharama yake ni muda. Kwa uzoefu wangu mtu huhitaji wiki mbili hadi nne kabla mkono haujaacha kutafuta vitu mahali vilipokuwa zamani, na kuna vifaa ambavyo vitagoma. Printa ya Canon LBP2900, iliyojaa kwenye maduka ya stesheneri, imenilaza macho zaidi ya mara moja kwenye Linux, wakati kwenye Windows huwekwa kwa dakika tano.

Faili la kupakua bure

Tuangalie kwa karibu jinsi mtu anavyonaswa, kwa sababu bila kuona hatua hizo ulinganisho hauna maana. Mtu anataka VLC ya kuangalia video. Anaandika jina hilo kwenye Google, na tokeo la kwanza kabisa ni tangazo la kulipiwa lenye jina linalofanana na lile la kweli. Anabonyeza. Ukurasa una vitufe vitatu vikubwa vya kijani vilivyoandikwa "Download", na kile cha kweli ni maandishi madogo ya buluu chini kabisa. Faili linaloshuka ni dogo mno kuliko VLC yenyewe, kwa sababu si VLC bali ni kisakinishi cha mtu wa kati. Linapofunguliwa, linaonyesha madirisha manne ya "Next", na katika mawili kati yake kuna visanduku vilivyokwisha kuwekewa alama ya vema: badilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari, ongeza kisafishaji cha kompyuta, kubali kiendelezi cha punguzo la bei. Yule asiyesoma anatoka na VLC inayofanya kazi vizuri pamoja na wageni watatu asiowajua. Hata tovuti zenye jina zuri zimewahi kuteleza hapa: SourceForge, iliyokuwa kimbilio la programu huria, ilianza mwaka 2013 kufungasha visakinishi vya aina hii, na waandaaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, wakaondoka mwaka huohuo. Wamiliki wapya waliukomesha mtindo huo mwaka 2016.

Defender hupambana na hali hii kwa ngazi mbili. Ya kwanza ni dirisha la buluu linalotokea unapofungua programu ambayo Microsoft haijawahi kuiona kwa watu wengi, likikuonya kabla haijaanza. Ya pili ni kipengele cha kuzuia programu zisizotakiwa, ambacho kinakamata hasa wale wageni wa visanduku vya vema. Hakikisha kimewashwa ndani ya Windows Security. Maabara huru zinazopima antivirusi, kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, zimekuwa zikiipa Defender alama za juu sawa na zile za kulipia. Hata hivyo vipimo vya AV-Comparatives vimeonyesha pia jambo linalotuhusu sana sisi: Defender inategemea mno kuuliza seva za Microsoft, na uwezo wake wa kutambua hushuka pale kompyuta inapokuwa haina intaneti. Fikiria kompyuta ya stesheneri inayowashwa bando siku za kutuma maombi ya vyuo tu, huku ikipokea flashi arobaini za wanafunzi kwa siku, yenye virusi vya kugeuza mafolda kuwa njia za mkato. Hapo udhaifu huo si wa nadharia.

Antivirusi ya kampuni nyingine ina nafuu mahali hapo. Kadhaa kati yake hubeba orodha kubwa ndani ya kompyuta yenyewe, na hivyo hupungukiwa kidogo tu intaneti inapokatika. Nyingi huongeza pia kichujio cha tovuti kinachofanya kazi kwenye kila kivinjari. Kwa upande wa pili, antivirusi yenyewe ni kitu cha kupakua, na tovuti za kughushi zinazosambaza antivirusi bandia zipo tele. Ichukue kwenye tovuti ya kampuni au kwa muuzaji anayekupa risiti na namba ya leseni ambayo haijafunguliwa.

Linux Mint inalikabili tatizo kwa kulihamisha. Badala ya kutafuta programu Google, unafungua kidhibiti cha programu ndani ya mfumo, unaandika VLC, na inashuka kutoka kwenye hazina ambayo vifurushi vyake hutiwa saini na kukaguliwa kabla ya kusakinishwa. Visanduku vya vema havipo, wala vitufe vitatu vya kijani. Faili la exe, yaani programu ya Windows, likishuka kwa bahati mbaya, linakaa tu bila kufanya kitu, isipokuwa uwe umeweka programu ya kuendeshea mafaili ya Windows. Hata hivyo asikudanganye mtu kwamba Linux haiguswi. Tarehe 20 Februari 2016 wahalifu waliivamia tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuwaelekeza watu kwenye nakala ya mfumo yenye mlango wa siri. Ndiyo sababu, kabla ya kusakinisha, nalinganisha alama ya SHA256 ya faili nililopakua (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa) na ile iliyochapishwa na waandaaji, kazi ya dakika tatu ambayo sijawahi kuiruka.

Windows nayo imepata pigo la aina hiyo. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lililopakuliwa kutoka kwenye chanzo chake halali, lilikuwa na programu hasidi ndani yake, na zaidi ya watu milioni 2 walilisakinisha kabla haijagundulika. Katika tukio kama hilo hakuna kati ya njia tatu inayokupa uhakika. Faili unalolitilia shaka unaweza kulipandisha kwenye VirusTotal, huduma inayomilikiwa na Google tangu 2012, ambayo hulipitisha kwenye injini za antivirusi zaidi ya sitini kwa mara moja. Usipandishe humo nyaraka za ofisi au za mgonjwa, kwa kuwa mafaili yanayopandishwa yanaweza kuonekana na watafiti wengine.

Barua pepe: viungo na viambatisho

Hapa tofauti kati ya njia tatu zinapungua kuliko watu wanavyodhani, na ni lazima kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kiambatisho kinataka kuendesha programu kwenye kompyuta yako. Kiungo, mara nyingi, kinataka nywila yako tu. Cha kwanza kinategemea mfumo unaotumia. Cha pili hakijali kama uko kwenye Windows, Linux au simu.

Tuanze na kiambatisho. Windows kwa kawaida huficha kiendelezi cha faili, yaani zile herufi za mwisho wa jina zinazoonyesha aina yake, hivyo faili linaloitwa "Ankara_Oktoba.pdf.exe" huonekana kama "Ankara_Oktoba.pdf", likiwa na picha ya PDF iliyobandikwa juu yake. Hila hii ni ya zamani: mdudu wa ILOVEYOU, uliotokea Ufilipino Mei 2000 na kuenea duniani kwa siku chache, ulisafiri kama faili la "LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs" ambalo wapokeaji wengi waliliona kama barua ya kawaida. Ukichagua kubaki na kinga ya Windows, kitu cha kwanza ni kuiamuru Windows ionyeshe viendelezi vyote. Cha pili ni kufungua akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, na kufanyia kazi humo kila siku, ili programu inayotaka kugusa mfumo ilazimike kuomba nywila. Cha tatu ni "Controlled folder access", kipengele kinachozuia programu zisizojulikana kubadili mafaili yaliyomo kwenye folda za nyaraka na picha. Huja kikiwa kimezimwa, nami nimekuta watu wawili tu waliokuwa wamekiwasha.

Makro, yaani amri zilizomo ndani ya nyaraka za Word au Excel, zinahitaji tahadhari ya pekee. Emotet, programu hasidi iliyoonekana kwanza mwaka 2014, ilisambaa sana kwa nyaraka za Word zilizomtaka msomaji awashe makro, na ilikuwa na tabia ya kuiba mazungumzo ya kweli ya barua pepe kisha kuyaendeleza, hivyo ujumbe ulitoka kwa mtu unayemfahamu na kuhusu jambo mlilokuwa mnalijadili. Polisi wa nchi kadhaa waliibomoa Januari 2021, lakini ilirudi Novemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yanayotoka mtandaoni, hatua iliyosaidia mno, ila haikumfikia anayetumia Office 2010, ambayo bado naikuta kwenye ofisi nyingi. Nchini Kenya ugumu ni mkubwa zaidi, kwa sababu fomu ya marejesho ya kodi ya iTax imekuwa faili la Excel linalohitaji makro ili lifanye kazi. Mlipa kodi amezoea kuziwasha kila mwaka, na mkono uliozoea haujiulizi maswali. Kwa watu hawa antivirusi ya kulipia inayokagua barua pepe kabla kiambatisho hakijafunguliwa ina faida ya kweli. Linux nayo huwapa usalama dhidi ya makro nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Windows, lakini inawanyima kazi yenyewe, kwa kuwa fomu za Excel zenye makro mara nyingi hazifanyi kazi sawasawa ndani ya LibreOffice, programu za ofisi zinazotumika huko badala ya Microsoft Office.

Kuhusu viungo, njia zote tatu zinakutana kwenye ujuzi mmoja: kusoma anwani. Chukua mfano huu wa kutunga, "benki.co.tz.uhakiki-akaunti.top/ingia". Jicho linaona benki.co.tz na kutulia. Lakini mwenye tovuti hutambulika kwa kile kilicho mara moja kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaosimama peke yake, ambacho hapa ni "uhakiki-akaunti.top", na yote yaliyo kushoto kwake yeye ndiye aliyeyaandika. Vivinjari vya Chrome, Firefox na Edge vyote vina orodha za tovuti za kitapeli na huonya bila malipo, kwenye Windows na kwenye Linux. Edge ina orodha ya Microsoft, na wenzake wawili hutumia ya Google. Antivirusi ya kulipia huongeza orodha nyingine juu ya hizo. Tovuti iliyofunguliwa asubuhi ya leo, hata hivyo, inaweza kuwa haimo kwenye orodha yoyote. Ninachowashauri wateja wa njia zote ni kutumia kitunza nywila kilichomo kwenye kivinjari, kwa sababu chenyewe hulinganisha anwani herufi kwa herufi na kitakataa kujaza nywila ya benki kwenye ukurasa wa kughushi, hata kama jicho lako limedanganyika.

Siku utakapoambiwa uizime

Mwaka jana mpiga picha wa harusi aliniletea laptopu yake. Alikuwa ametafuta kraki ya programu ya kuhariri picha, yaani toleo lililovunjwa leseni, na akaipata kupitia video yenye maelekezo mazuri ya hatua kwa hatua. Faili lilikuwa la zip lenye nywila, na nywila hiyo ilikuwa imeandikwa chini ya video. Hiyo nywila haikuwekwa kumlinda mtu. Iliwekwa ili antivirusi isiweze kuona kilichomo. Hatua ya tatu ya maelekezo ilisema: zima antivirusi, kwa sababu "huwa inakosea kuhusu kraki". Akaizima. Programu ilifunguka, kisha likatokea dirisha lililoonekana kama sasisho la Windows likimwomba asubiri, naye akaenda kunywa chai. Aliporudi, kila picha ilikuwa na herufi nne mpya mwishoni mwa jina lake, na ndani ya kila folda kulikuwa na faili la maandishi linaloitwa "_readme.txt" likidai dola 980, au nusu yake kama angelipa ndani ya saa 72.

Ile ilikuwa ya jamii ya STOP/Djvu, ambayo inafahamika kwa kusafiri ndani ya kraki. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua mafaili ya aina 148 za jamii hiyo, nami nilipoijaribu ilijibu kwamba ufunguo uliotumika ulikuwa wa mtandaoni, yaani uko kwa wahalifu wenyewe, na haungepatikana. Picha za harusi kumi na moja zilipotea. Alikuwa na Defender iliyosasishwa, na ingekuwa antivirusi ya kulipia angeizima vilevile.

Kwa hiyo kwenye kigezo hiki Defender na antivirusi za kampuni nyingine ziko sawa, kila moja ina swichi na mwenye kompyuta ndiye mwenye swichi. Tofauti ndogo ni kwamba antivirusi kadhaa za kulipia zinaweza kufungwa kwa nywila, jambo linalomfaa mwenye ofisi au mzazi, kwa kuwa anayeitumia kompyuta siye anayeijua nywila. Kwenye Windows matokeo ya karibu na hayo hupatikana kwa ile akaunti isiyo ya msimamizi.

Linux inaondoa kishawishi chenyewe kwa kiasi kikubwa, maana programu nyingi utakazozihitaji zimo kwenye hazina bila leseni ya kuvunja: LibreOffice, GIMP, Inkscape, Audacity. Lakini ina swichi yake pia, nayo ni terminali, dirisha la kuandikia amri. Anayenakili mstari wa amri kutoka kwenye tovuti asiyoijua, akaubandika na kuandika nywila ya msimamizi, amefanya kilekile alichofanya mpiga picha yule. Tangu mwaka 2024 mtindo huu umeenea hata kwenye Windows: ukurasa unajifanya unahakiki kuwa wewe si roboti, kisha unakutaka ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, ubandike kitu na kubonyeza Enter. Kilichobandikwa ni amri ya kupakua programu hasidi, na hakuna uhakiki wa kweli wa roboti unaokutaka utoke nje ya kivinjari.

Ningependa wabunifu na wapiga picha wazingatie hili zaidi ya mengine yote hapa. Kama kazi yako inakulazimisha kutumia programu ya bei kubwa usiyoweza kuilipia, swali lako la kwanza lihusu programu hiyo kabla ya antivirusi. DaVinci Resolve ina toleo la bure kabisa la kuhariri video, na Photopea hufungua mafaili ya Photoshop ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Nani atakusaidia

Kwa Windows, kila mtaa una fundi, na Defender haimhitaji sana. Antivirusi ya kulipia huja na huduma kwa wateja, mara nyingi kwa Kiingereza, na leseni yake ikiisha kuna hatari ya alama yake kubaki pembeni ya skrini ilhali kazi imekoma. Usipohuisha, iondoe kabisa ili Defender ishike nafasi. Wasomaji walioko Marekani wajue kuwa Kaspersky, inayouzwa kwa wingi Afrika Mashariki, ilipigwa marufuku kuuzwa huko mwaka 2024 na masasisho yake yakakatwa mwezi Septemba. Kwa Linux, mafundi ni wachache, hasa nje ya miji mikubwa, na msaada mwingi uko kwenye majukwaa ya mtandaoni. Ukiharibikiwa sana, timu za kitaifa za kushughulikia matukio ya mtandao hupokea taarifa: TZ-CERT chini ya TCRA kwa Tanzania, na KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Kwa hali yako

Mwanafunzi au mtumishi mwenye kompyuta inayokubali Windows 11, anayepata intaneti kila siku na asiyegusa kraki, atatoshwa na Defender, mradi aonyeshe viendelezi, atumie akaunti ya kawaida na awashe ulinzi wa folda. Fedha ambayo angelipia leseni ainunulie diski ya nje, anakili mafaili yake kila wiki, kisha aichomoe. Diski iliyoachwa imechomekwa hutekwa pamoja na kompyuta.

Mwenye stesheneri, ambaye kompyuta yake hupokea flashi za watu mchana kutwa na mara nyingi haina bando, nitamwelekeza kwenye antivirusi ya kulipia yenye nguvu bila intaneti, aifunge kwa nywila, na mfanyakazi asipewe nywila hiyo. Akiwa na kompyuta ya pili ya zamani, aweke Mint humo na kuzifungulia flashi zote pale kwanza, kwa kuwa virusi vya njia za mkato haviwezi kuendeshwa humo na mafolda yaliyofichwa yanaweza kuonyeshwa kwa mbofyo mmoja.

Ofisi ndogo ya uhasibu, inayopokea ankara kwa barua pepe na kutumia programu za Windows au fomu zenye makro, haina budi kubaki Windows. Kati ya Defender na antivirusi ya kulipia, idadi ya wafanyakazi ndiyo itakayoamua: wawili wanaweza kufundishwa kusoma anwani na viendelezi kwa alasiri moja, lakini wakifika kumi kunahitajika kichujio kinachokagua barua kwa niaba yao.

Mzee aliyestaafu mwenye laptopu iliyokataliwa na Windows 11, ambaye husoma barua, magazeti na kuzungumza na watoto wake walioko mbali, atapata nafuu kubwa kwenye Linux Mint, kwa sharti kwamba kuna kijana mmoja katika familia anayeifahamu.

Na aliyebaki katikati bado, ajaribu hivi kabla ya kufuta chochote: aweke Mint kwenye flashi ya GB 8, aiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha, kisha afanye kazi zake humo kwa siku chache. Achapishe ukurasa mmoja kwenye printa yake, afungue faili lake gumu kuliko yote la Excel, na aingie kwenye mfumo wa benki anaoutumia. Printa ikigoma au faili likivurugika, atachomoa flashi na kuikuta Windows yake kama alivyoiacha.